Aliye Juu Mngoje Chini: Kusubiri Kazi na Uamuzi wa Kuhama katika Riwaya ya Kichwamaji, Ikisomwa kutoka Bujumbura

Katika uhakiki wa riwaya ya Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, jambo linalotajwa kwanza karibu kila mara ni mwisho wake: Kazimoto, kijana msomi, anajiua. Kutokana na mwisho huo zimejengwa hoja nyingi kuhusu udhanaishi, ukengeushi na mgongano wa mila na usomi, na hoja hizo zina nafasi yake. Makala haya yanarudi kwenye mwanzo wa riwaya, ambao kwa kawaida hupitwa haraka. Kazimoto tunakutana naye akiwa nje ya mlango wa ofisi. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliye likizoni, anatafuta kazi ya muda, na anayemsubiri ni Manase, mtu anayemfahamu tangu kwao kijijini na ambaye sasa ni mkuu wa wilaya. Kabla ya falsafa yoyote kuna kungoja. Hoja ya makala haya ni kwamba kungoja huko ndiko ufunguo wa kuelewa uamuzi wa mhitimu wa leo wa kubaki au kuhama, na kwamba fasihi yetu ya Kiswahili, pamoja na hati zetu za sera, imekuwa ikiutafuta ufunguo huo mahali pasipo pake.

Nimewahi kuisoma sehemu hiyo ya riwaya pamoja na wahitimu kadhaa mjini Bujumbura. Hakuna aliyeuliza maana ya udhanaishi. Waliuliza swali moja tu: kama Manase angekuwa mgeni kabisa kwa Kazimoto, je, Kazimoto angekwenda pale? Swali hilo lilinirudisha kwenye kitabu na kunilazimisha nikisome upya. Jibu la kitabu, nadhani, ni hapana. Kazimoto hakufuata tangazo la kazi. Alimfuata mtu. Elimu yake, ambayo wanakijiji wanaiona kuwa kubwa mno, haimfikishi ndani. Kinachomfikisha mlangoni ni kujuana, na hata kujuana huko hakumwondolei kungoja. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Methali hiyo husomwa kama onyo kwa mwenye cheo, kwamba siku moja ataanguka. Mtafuta kazi huisoma kwa upande wa pili: aliye chini kazi yake ni kungoja.

Bujumbura inafaa kuwa mahali pa kusomea riwaya hii kwa sababu njia kutoka darasani hadi ofisini ilikuwa fupi pale, kisha ikarefuka ndani ya umri wa kizazi kimoja. Chuo Kikuu cha Burundi kilianzishwa mwaka 1964, miaka miwili tu baada ya uhuru, na kwa muda mrefu kilikuwa chombo cha kuizalishia dola watumishi. Mwenye shahada alijua atakakokwenda. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 vyuo vikuu binafsi viliongezeka, vikiwemo Chuo Kikuu cha Ngozi na Hope Africa University. Wahitimu wakawa wengi, nafasi za serikali hazikuongezeka kwa kasi hiyo, na mgogoro wa kisiasa wa mwaka 2015 ukaondoa sehemu ya wafadhili na mashirika ambayo vijana wa Bujumbura waliyategemea kwa ajira. Shahada ilibaki na heshima ileile katika sherehe za familia hata ilipopoteza uwezo wake wa kufungua mlango. Kazimoto naye yuko katika pengo hilohilo: kijijini ni msomi, ofisini ni mmoja wa wanaongoja.

Lugha yenyewe inatusaidia kuona hali hii. Kiswahili kina vitenzi viwili kwa shughuli hii, kutafuta kazi na kuomba kazi, na Kirundi pia kina viwili, kurondera akazi na gusaba akazi. Kutafuta, kama kurondera, ni tendo la mtu anayetembea na kuchagua. Kuomba, kama gusaba, ni tendo la mtu aliyesimama mbele ya mwingine. Ndicho kitenzi cha sala na cha ombaomba. Mtu hutafuta kwa miezi, kisha huomba kwa dakika chache, na hizo dakika chache ndizo humwacha na kumbukumbu. Hati za sera hupenda kitenzi cha kwanza. Humsifu kijana anayetafuta, humtaka awe na bidii, humfundisha kuandika wasifu na barua ya maombi, na hatimaye humshauri ajiajiri. Ni nadra kuona hati inayouliza nini hutokea katika kitenzi cha pili: nani anaombwa, anajibu kwa muda gani, na anadai nini.

Kuhusu anachodai, Kichwamaji ni kali kuliko hati yoyote niliyoisoma. Manase huyuhuyu, mwenye mlango, ndiye anayempa mimba Rukia, ndugu wa kike wa Kazimoto, na mkasa huo unaishia katika kifo cha binti huyo. Wahakiki wengi huliweka tukio hili chini ya kichwa cha kuporomoka kwa maadili. Mimi naliweka chini ya kichwa cha ajira. Mtu mmoja ameshika ufunguo wa kazi kwa kaka na ameuharibu mwili wa dada. Riwaya haituruhusu kuyatenganisha mambo hayo mawili, kwa kuwa nguvu inayoyawezesha ni ileile. Tuna msemo wa rushwa ya ngono katika Kiswahili cha leo, na kila msichana aliyekwisha kuhitimu anaufahamu. Hapa ndipo pia ninapoiona kasoro ya Kezilahabi. Kaka amepewa nafsi, sauti na ukurasa baada ya ukurasa wa tafakuri. Rukia amepewa msiba tu. Kungoja kwa mwanamke msomi hakumo katika riwaya hii, na msomaji wa kike wa Bujumbura anapaswa kukuandika pembeni mwa kitabu.

Tukitoka kwenye fasihi ya kungoja na kuingia kwenye fasihi ya kuondoka, tunakuta mtazamo mwingine. Katika Ndoto ya Amerika (2001) ya Ken Walibora, wavulana wawili, Isaya na Madoa, wanatoroka kwao wakiwa na shauku ya kufika Amerika. Ni kitabu cha watoto, na hakipaswi kulaumiwa kwa kuwa kitabu cha watoto. Tatizo ni kwamba picha yake, kijana aliyedanganywa na ndoto, imegeuzwa kuwa nadharia ya uhamaji kwa watu wazima. Katika Mbali na Nyumbani (2013) Adam Shafi anasimulia safari yake ya ujanani kutoka Zanzibar kupitia Afrika Mashariki na Sudan hadi Misri. Hapo kuna hamu ya elimu, ujasiri na njaa ya barabarani, na simulizi ni tamu. Lakini huko nako msafiri ni kijana peke yake na nia yake. Katika vitabu vyote viwili uamuzi unakaa kichwani mwa mtu mmoja. Ndivyo pia zinavyosema kampeni za kuwaonya vijana: wanadanganyika, wana tamaa, hawajui hatari za njiani.

Yaliyotokea Burundi mwaka 2022 yanaitikisa picha hiyo. Serbia iliwaondolea Warundi sharti la viza mwaka 2018, mwaka uleule ambao Burundi iliondoa utambuzi wake wa Kosovo. Kwa muda fursa hiyo haikuwashughulisha wengi. Kufikia mwaka 2022 jina la Belgrade lilikuwa linatajwa mitaani Bujumbura, kwa kuwa aliyefika huko aliweza kujaribu kuendelea kupitia Bosnia na Kroatia hadi Ubelgiji na kwingineko. Oktoba 2022 Serbia, ikishinikizwa na Umoja wa Ulaya, iliirudisha viza. Katika kipindi hicho kifupi vyombo vya habari vya Bujumbura viliripoti juu ya familia zilizouza viwanja na magari ili kupata nauli, na juu ya walimu na wauguzi walioacha kazi zao.

Mambo mawili hapa yanamhusu mhakiki. La kwanza, kiwanja hakiuzwi na ndoto ya kijana. Kinauzwa na baba, mama, shangazi na kaka mkubwa waliokaa kikao na kupiga hesabu, na hesabu yao ilikuwa na upande wa gharama na upande wa mapato kama hesabu yoyote. La pili ni gumu zaidi kwa hoja yangu mwenyewe, na sina budi kulikubali: mwalimu na muuguzi walikuwa wamekwisha kuingia mlangoni. Kama kuondoka ni matokeo ya kukosa kazi, hao hawakupaswa kuondoka. Ila Kichwamaji inatusaidia hata hapa. Manase naye yumo ndani ya ofisi, na Kezilahabi haonyeshi mtu aliyetulia. Kupata kazi si mwisho wa kungoja pale mshahara unapoliwa na bei za soko, na pale kupandishwa cheo kunapofuata kimemo kilekile kilichofuatwa siku ya kwanza. Aliyeajiriwa anangoja ndani.

Kwa upande wa kusini mwa Afrika, mtu wa kwanza ninayemkumbuka ni mwandishi mwenyewe. Baada ya miaka mingi ya kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kezilahabi alihamia Chuo Kikuu cha Botswana mwaka 1995, akafundisha huko miaka mingi. Alifariki Januari 2020. Sidai kujua kilichomwondoa, na uhakiki unaotafuta wasifu wa mwandishi ndani ya kila sentensi yake umetuchosha. Nasema tu kwamba kuhama kwa msomi wa Kiafrika kwenda nchi nyingine ya Kiafrika ni jambo la kawaida ambalo riwaya zetu karibu hazijaliandika. Ng'ambo yetu ya kifasihi bado ni Ulaya na Amerika. Hata Petit pays (2016) ya Gaël Faye, riwaya ya Kifaransa inayoipenda Bujumbura kuliko nyingine ninayoijua, inamwondoa mtoto Gabriel kwenda Ufaransa, na humo kuondoka ni kuokolewa vitani, hakuna anayeulizwa kama anataka.

Kwa washauri wa sera walio katika mkutano huu, pengo hilo lina uzito. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, lakini kila nchi ilifungua aina za kazi ilizoziorodhesha yenyewe. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Mwaka 2021 Burundi ilitia saini mkataba na Saudi Arabia kuhusu wafanyakazi wa majumbani. Tuzisome hati hizi kama tunavyosoma matini nyingine, kwa kuangalia nani ni mtenda. Katika mkataba wa Saudi Arabia kuna mwajiri, kuna wakala, kuna njia. Katika hati za Jumuiya kuna haki iliyoandikwa vizuri na mhitimu aliyesoma kwa Kifaransa, anayeongea Kiswahili cha Buyenzi, ambaye bado hajui abishe hodi wapi Kigoma, Dar es Salaam au Nairobi. Ofisi ya kumwambia kwamba shahada yake inatambulika ingekuwa na faida kwake kuliko kampeni kumi za kumwonya juu ya Belgrade. Na kabla ya hapo, hapo hapo Bujumbura, iko hatua isiyohitaji mfadhili: kila taasisi ya umma inayotangaza nafasi itangaze pia ni wangapi walioomba, nani alipata, na kwa vigezo gani, na imjibu kila aliyeomba.

Wale wahitimu niliosoma nao riwaya walilizungumza hilo la majibu kwa muda mrefu kuliko jambo lolote lingine. Mmoja wao alikuwa ameiweka kila nakala ya barua yake ya maombi katika bahasha moja, kwa mpangilio wa tarehe. Aliniambia kwamba barua za kukataliwa zimo mbili tu, na kwamba anazitunza vizuri kuliko hizo nyingine, kwa sababu hizo angalau zilisomwa.