Nani Adaiwe Ushahidi? Hadhira na Haki za Kiraia katika Filamu ya The Siege

Filamu ya taharuki ya The Siege, iliyoongozwa na Edward Zwick, ilitoka Novemba 1998, miezi mitatu baada ya balozi za Marekani kulipuliwa Nairobi na Dar es Salaam. Inasimulia mashambulizi ya kigaidi jijini New York, ambayo yanaliingiza jeshi mitaani na kuwafanya vijana wenye asili ya Kiarabu wafungiwe uwanjani. Hadhira iligawanyika. Jumuiya za Waarabu na Waislamu wa Marekani ziliilaumu kwa kuunasibisha Uislamu na ugaidi. Baada ya Septemba 2001, wengine waliiona kuwa bishara.

Uhakiki huu unashikilia kwamba mjadala huo umeliacha swali zito zaidi: ni nani hudaiwa kuthibitisha kuwa hana hatia? Swali hilo halihitaji ufafanuzi mrefu Buzebazeba, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji. Huko undugu huvuka mpaka hadi Burundi na Kongo, na lafudhi au jina laweza kumfanya mzawa atakiwe kuthibitisha uraia wake.

Kwa mtazamaji wa aina hiyo, mhusika mkuu ni Frank Haddad, mpelelezi wa serikali ambaye mwanawe anafungiwa uwanjani. Utumishi wa baba haumkingi mtoto. Hata hivyo, filamu inafumbua fundo lake kwa kumkamata jenerali na kuwaachia wafungwa, bila kuwapa wafungwa hao nafasi ya kusema. Huo ndio udhaifu wake: haki yao inarudishwa kama hisani.