Mteremko Usioonekana kwa Jicho

Fundi wa upinde wa mti mmoja huchonga huku akijaribu kuupinda. Palipo pagumu, hupunguza. Mwenzake wa Marekani mara nyingi hana nafasi hiyo. Tangu Fred Bear wa Grayling, Michigan, na watengenezaji wengine walipoeneza faibaglasi katika miaka ya 1950, upinde wa fundi wa kule mara nyingi ni bamba za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na faibaglasi mgongoni na tumboni. Faibaglasi haichongwi ovyo, maana ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya nguvu. Baada ya gundi kukauka hubaki marekebisho madogo tu, zaidi ya ubavuni. Basi namna upinde utakavyopinda huamuliwa mapema, katika unene wa kila ubamba.

Unene huo hupungua kuelekea nchani, na kipimo kimoja cha mteremko huo kinachotumika sana ni inchi 0.002 kwa kila inchi ya urefu. Yaani katika kila milimita 25 unene hupungua kwa milimita 0.05 hivi, kama unywele mwembamba. Ubamba wa sentimita 91 ukianzia kwenye mshikio hufika nchani ukiwa umepungua milimita 1.8. Ni kidogo mno, lakini upinde unakijua: unene wa mkono wake, yaani sehemu inayopinda, ukipungua kwa sehemu 1 ya 10, ugumu hushuka kwa zaidi ya robo.

Randa ya mkono haiaminiki kwa kazi hiyo. Fundi hutengeneza kwanza ubao wa kubebea, wenye mteremko uleule, na kuupima mara nyingi kuliko atakavyopima kitu kingine chochote, kwa kuwa kosa lake litarithiwa na kila upinde. Ubamba hulazwa juu yake, upande utakaokuwa mwembamba ukiwa mahali palipoinuka, kisha vyote viwili hupitishwa chini ya ngoma ya msasa. Ngoma haipandi wala haishuki. Mteremko wa ubao hujichapa kinyume kwenye mbao. Napenda sana akili hii: uangalifu unawekwa mara moja mahali pamoja, halafu mashine inaurudia.

Uvumilivu bado unahitajika. Msasa ukila sana kwa mara moja, mbao hupata joto na kujikunja, kwa hiyo hupitishwa kidogo kidogo. Uso nao hauachwi laini kama kioo, kwani gundi hupenda mikwaruzo midogo. Na kabla msumeno haujagusa gogo, fundi makini huchora mstari wa mshazari ubavuni ili bamba zilizokuwa jirani zitambulike: moja iende mkono wa juu, nyingine wa chini, nyuzi zao zikilingana.

Ukipata kuushika upinde wa namna hii, usiishie kwenye mng'aro wa mshikio. Ugeuze, utazame ubavu wake. Tabaka zikipungua taratibu bila kuyumba, na mistari ya gundi ikiwa myembamba toka mwanzo hadi ncha, umeshika kazi ya fundi hodari.