Imekatwa Wapi?

Mwaka jana nilienda Mwabungo kwa harusi ya binamu yangu. Usiku wazee wakapiga sengenya, nami nikajibanza karibu na mpiga nzumari, simu juu, nikarekodi dakika 11 bila kushusha mkono. Asubuhi nikaisikiliza. Pale nzumari inapopanda, sauti inapasuka na kukwaruza kama mtu anaburura mabati juu ya saruji. Nikamtumia msee wangu wa Ukunda ambaye kazi yake ni kuchanganya muziki. Akajibu kwa maneno matatu: "Hiyo ni klipingi." Kisha mawili: "Haina dawa."

Kumbe asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimefanya klipingi nyingine kwa hiari yangu. Zile dakika 11 nilizikata nikabaki na sekunde 30 za kuweka stetasi, vijana wakiwa wamechangamka katikati ya uwanja. Simu ilikuwa imejaa, kwa hivyo zilizobaki nikazifuta.

Ukilifuata neno hili la Kiingereza utachoka. Kinyozi analo, mkata ua wa hoteli za Diani analo, mfuga kuku anayepunguza mbawa analo. Kwa watu wa michoro ya kompyuta ni kuacha kuchora chochote kilicho nje ya skrini. Kwa wacheza gemu ni pale mtu wako anapopenya ukuta kama jini. Uingereza ya zamani ilikuwa jinai: watu walikwangua kingo za sarafu za fedha wakayeyusha vumbi lake, na ndiyo sababu mojawapo sarafu zikaanza kutiwa alama pembeni. Kwa wanaisimu ni kufupisha neno, kama Nai, Msa, na Lunga kwa wanaopanda matatu za Lunga Lunga. Sisi tuna "kata", nalo halina aibu pia. Ukikata tikiti umepata safari, ukikata kiu umepata nafuu, ukikata roho ndiyo basi tena.

Sasa, nina ugomvi na wanaosema kizazi chetu kinaua Kiswahili kwa kukikatakata. Hao hao walisoma ushairi shuleni, wakakariri neno "inkisari" kwa ajili ya mtihani, wakalisahau getini. Inkisari ni nini kama si klipingi yenye kanzu? Mshairi ana mizani 16 kwenye mshororo, neno lake limezidi moja, analipunguza. Na si washairi peke yao. "Nimekwisha kula" ni silabi sita. "Nimeshakula" ni tano. "Nishakula" ni nne. Hakuna mtu Pwani aliyewahi kubaki na njaa kwa sababu hakuelewa la mwisho. Ukisema "mkewe" umekata "mke wake", na hakuna mwalimu atakayekuwekea mstari mwekundu.

Lakini mkato hauwi salama kwa sababu tu ni wa zamani. Chukua Abdulrahman. Jina zima maana yake ni mtumwa wa Mwingi wa Rehema. Mtaani tunaita Abdu, na kilichobaki ni "mtumwa", mwenyewe tumemwacha nje. Wazee wengine hukereka, na nawaelewa. Kinachomwokoa Abdu ni mtaa: kila anayemwita anajua jina lililobaki ni lipi. Akihamia mahali hawamjui, atakuwa Abdu tu.

Basi kipimo changu ni hiki, na nakitumia kwa mashairi kama ninavyokitumia kwa klipu: aliyepokea kipande, anaweza kukirudisha kilichokatwa? Kuna washairi, wengi tu, wanaotumia inkisari kama panga la kufyekea. Mizani inatoshea, vina vinalia vizuri, na maana imesimama nje ya mlango ikibisha. Huyo hakufupisha, amepunguza.

Linganisha na Abdilatif Abdalla. Alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi cha "Kenya: Twendapi?", akatoka 1972, na mashairi aliyoyaandika gerezani yakachapishwa mwaka uliofuata kama *Sauti ya Dhiki*. Mtu aliyekatiwa kila kitu, watu, habari, bahari, alikuwa bado anahesabu mizani. Shairi lake moja mle linaitwa "Mnazi: Vuta N'kuvute". Tazama hiyo N na alama iliyo juu yake. "Nikuvute" imepoteza irabu moja, na ritifaa imewekwa palepale kama kovu: hapa palikatwa. Shafi Adam Shafi naye aliandika hivyohivyo kwenye jina la riwaya yake, *Vuta N'kuvute*, na ile filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 ikalibeba jina pamoja na kovu lake. Napenda uaminifu wa alama hiyo. Inakata, kisha inakupa risiti.

Na shairi lenyewe linanipa somo la pili. Ni majibizano ya watu wawili wanaogombania mnazi, kila mmoja na hoja zake. Watu wa Kwale hawahitaji kuelezwa kesi ya mnazi inavyoweza kuwasha moto. Sasa mtu akichukua ubeti mmoja wa mgomvi mmoja, akauweka kwenye picha yenye machweo nyuma yake na kuushea, amefanya nini? Mizani yote ipo, hakuna silabi iliyoguswa. Ila ameshatoa hukumu. Umebaki na mtu mmoja anayesema peke yake, na mtu anayesema peke yake huwa na haki siku zote. Mimi ningechagua mara mia mshairi anayemeza irabu kuliko msomaji anayemeza mgomvi mzima.

Magazeti yalikuwa na adabu kidogo kwenye hili, tena bila kukusudia. Mjomba wangu alikuwa akikata mashairi ya wasomaji kutoka *Taifa Leo* na kuyabandika kwenye daftari la mraba. Gundi ilikuwa ya kuunga unga, kwa hivyo vipande vingi vimebanduka. Ukigeuza unakuta upande wa pili: nusu ya tangazo la kifo, bei ya mahindi iliyokatwa katikati, mguu wa mchezaji bila mpira. Mkasi haukujali huko. Lakini angalau ukikishika kipande unajua kina mgongo, na kwamba mgongoni kulikuwa na maisha mengine. Klipu ya simu haina mgongo. Inaanza inapoanza.

Hata neno "kipande" lenyewe si la kuchezea. Kwenye ushairi ni nusu ya mshororo, mizani nane za ukwapi zikingoja nane za utao. Kipande cha namna hiyo kina mwenzake, na usipomleta sikio litakudai. Kwenye historia yetu ni kitu kingine. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilimlazimisha kila mwanaume Mwafrika aliyefika utu uzima kubeba kipande, karatasi ndani ya kikebe cha chuma shingoni, yenye alama za vidole na maandishi ya mwajiri kuhusu kazi na mshahara. Mtu mzima akawa kile mwajiri alichoandika. Harry Thuku na wenzake waliupinga mwaka 1921, na jina limebaki hadi leo, maana wengi bado huita kitambulisho "kipande". Tena hapa Kwale kuna waliokaa miaka mingi bila hata hicho. Wamakonde, ambao wazazi wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, walitembea kwa miguu hadi Nairobi mwaka 2016 kudai uraia, na mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Walikuwa wamekatwa nje ya picha, na picha ikaendelea kuitwa Kenya.

Nirudi kwa nzumari. Msee wangu alinieleza baadaye, tukiwa tunakula viazi karai. Faili ya kawaida ya sauti, ya biti 16, ina namba za kuandikia mawimbi kutoka -32,768 hadi 32,767. Sauti ikizidi hapo, mashine haina namba nyingine. Inaandika 32,767, halafu 32,767, halafu tena 32,767, mpaka mpigaji ashushe pumzi. Kilele cha wimbi kinakuwa bapa kama meza. Ni kama picha ya mchana Mwabungo: simu inatafuta nyuso, mchanga unakuwa mweupe tupu, na hakuna kurekebisha kutakakokuonyesha nyayo zilizokuwa pale. Zipo programu zinazochora upya kilele kilichokatwa, lakini zinabahatisha. Zinatazama wimbi lilivyokuwa likipanda na lilivyoshuka, zinakisia katikati. "Itasikika poa," alisema, "ila huyo hatakuwa mzee wenu."

Juzi nilikuwa Mwabungo tena. Bibi alikuwa amesikia kwamba harusi imo kwenye simu yangu, na alitaka kuiona, kwa sababu usiku ule alicheza, yeye mwenye magoti mabovu, na kila mtu alimshangilia. Nikamwekea zile sekunde 30. Akaisogeza simu sikioni kwanza, akakunja uso.

"Hii nzumari inakabwa na nani?"

"Ni simu, bibi."

Akaitazama mpaka mwisho, ikajirudia, akaitazama tena. Vijana walewale, vumbi lilelile.

"Na mimi niko wapi?"

"Wewe uliingia baadaye kidogo, baada ya hapa."

Akanirudishia simu.

"Basi peleka mbele."