Sifa Inayoua: Mamlaka ya Mhakiki katika Filamu ya Who Is Killing the Great Chefs of Europe?

Makala hii inahakiki Who Is Killing the Great Chefs of Europe?, filamu ya mwaka 1978 iliyoongozwa na Ted Kotcheff kutokana na riwaya ya Nan na Ivan Lyons iliyochapishwa mwaka 1976. Tunadai kwamba kiini cha ramsa hii ni mamlaka ya mhakiki, na kwamba fumbo la muuaji ni chambo tu.

Max Vandeveer, mhariri wa jarida la mapishi anayeigizwa na Robert Morley, anatangaza vyakula vinavyounda mlo bora kabisa duniani pamoja na wapishi wake. Punde wapishi hao wanaanza kuuawa, kila mmoja kwa namna ya chakula kilichompa sifa: mpishi wa njiwa anaokwa tanurini, wa kambakoche anazamishwa katika tangi la kambakoche, na wa bata anapondwa kichwa kwa mashine ya kukamulia bata. Natasha O'Brien, bingwa wa kitindamlo, anabaki akihofia zamu yake. Orodha ya sifa imegeuka orodha ya marehemu.

Kinaya kinakamilika inapobainika kuwa muuaji ni katibu wa Max. Madaktari wamemwonya bosi wake kwamba asipopunguza uzito atakufa. Basi katibu anaviondoa vishawishi. Aliyeshindwa kumfunga mlaji mdomo anazima moto jikoni. Tunacheka kwa sababu ukatili huu umezaliwa na mapenzi.

Hata hivyo, kejeli ya filamu ina mpaka. Wanaostahili hata kuuawa ni wenye majina. Waosha vyombo na wahudumu wamebaki kuwa sehemu ya mandhari, na jasho linalozalisha mlo huo halihojiwi. Mlafi anachekwa, mfumo unaomlisha unasalimika.

Upungufu huo wenyewe unatuhusu. Sisi pia, watafiti na washauri wa sera, hutunga orodha: za vitabu teule vya shule, za tuzo, za waandishi bora. Anayetajwa hubebeshwa sifa ambayo huenda ikamfunga katika kazi moja. Asiyetajwa hufutwa kimyakimya. Kwa hiyo, tunapendekeza kila orodha itolewe pamoja na vigezo vyake, majina ya walioiandaa, na muda wa kuipitia upya. Max hakuulizwa lolote kati ya hayo.