Mpira si springi: ugomvi wangu na vitabu vya fizikia

Hebu tafuta ule mpira mwembamba wa kufungia noti. Uguse kwenye mdomo wa juu, kisha uvute haraka ukiwa hapo hapo. Umesikia joto? Uache umevutika sekunde kama kumi hivi upoe, halafu ulegeze. Sasa ni wa baridi, si ndiyo?

Springi ya chuma haikupi kitu cha namna hiyo. Lakini katika vitabu vingi nilivyosomea sekondari, mpira na springi vimetiwa kapu moja chini ya kanuni ya Hooke: kani ikizidi mara mbili, mvutiko nao unazidi mara mbili, grafu ni mstari mnyoofu, mada imekwisha. Hapo ndipo ninapogomba.

Hooke mwenyewe simlaumu. Alipochapisha kanuni yake mwaka 1678 alitaja metali, mbao, mawe, hata nywele. Mpira ulikuwa bado haujajulikana sana Ulaya. Sisi tunaujua, na hatuna kisingizio.

Tofauti iko ndani. Ukivuta chuma, unazisogeza atomi kidogo kutoka mahali pake, nazo zinavutana kurudi. Mpira ni molekuli ndefu kama nyuzi zilizojikunja ovyo, zimefungwa pamoja kwa salfa hapa na pale. Ukiuvuta, unazinyoosha. Njia za kujikunja ni nyingi mno kuliko za kunyooka, kwa hiyo mtikisiko wa joto unazirudisha kwenye mkunjo. Yaani kinachokuvuta kidole ni joto lenyewe! Ndiyo maana mpira uliovutika kwa uzito hadi karibu mara mbili ya urefu wake, ukiumwagia maji ya moto, unafupika na kuuinua ule uzito. Chuma kingerefuka. John Gough aliliandika jambo hili mwaka 1805, Joule akalipima mwaka 1859. Si habari mpya.

Wenye vitabu watasema: mwanafunzi aanze na kitu rahisi. Nakubali. Kwa mvutiko mdogo ule mstari mnyoofu unatosha. Basi waandike hivyo, sentensi moja tu! Wasipoandika, gharama analipa mwanafunzi.

Mimi nililipa. Kidato cha tatu tulipewa kipande cha tyubu ya baiskeli na mawe ya mizani. Grafu yangu ilipinda: mwanzo mpira ulikaza, katikati ukalegea, mwisho ukakaza tena. Nilipopunguza mawe, mstari wa kurudi ukapita njia nyingine. Nikaambiwa nimekosea kupima, nirudie. Nikarudi kwenye benchi, nikatunga namba zilizonyooka, nikapata alama zote. Kumbe grafu ya kwanza ndiyo ilikuwa sahihi, na ile nafasi kati ya kwenda na kurudi ni nishati iliyopotea kama joto. Ndiyo hiyo hiyo inayochangia kupasha moto tairi la basi barabarani. Somo nililotoka nalo siku ile ni kwamba kitabu kikigombana na kipimo, badilisha kipimo. Nimechukua miaka kulisahau.

Na si mambo ya alama tu. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Challenger kiliharibika angani na watu 7 wakafa. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi kali, na pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi hazikuwahi kurudi kuziba. Wiki mbili baadaye Richard Feynman alibana kipande cha mpira huo, akakitumbukiza kwenye maji ya barafu mbele ya tume: alipokiachia, kilichelewa kurudi. Mpira unategemea mtikisiko wa joto, na ukipoa sana unazubaa.

Kwa hiyo, ewe mwalimu unayesoma hapa, safari ijayo wape wanafunzi mpira, waongeze mawe, kisha wayapunguze. Grafu ikipinda, usiwaambie warudie. Waulize kwa nini.