Mahojiano ni ya watu wawili

"Kwani nimefanya nini?" Ndivyo alivyonijibu mzee mmoja wa hapa Mpanda nilipomwomba mahojiano. Nilitaka tu anisimulie habari za reli.

Kwake yeye, kuhojiwa ni mambo ya polisi. Na hakukosea. Sisi waandishi tunaandika "polisi wanamhoji mtuhumiwa", halafu "mwandishi wetu alimhoji waziri", kitenzi kilekile. "Interview" ya kuombea kazi tumeitafutia neno lake, usaili. Mtaani zote ni intavyuu tu.

Lakini hebu tuyatazame maneno yenyewe. "Interview" Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na asili yake ni kuonana. Mahojiano nayo yametoka kwenye kuhojiana: mimi nikuhoji, nawe unihoji. Lugha zote mbili zinaahidi watu wawili. Kiukweli, mara nyingi mmoja ana maswali na kinasa sauti, mwingine ana majibu tu.

Kitabu kilichonifanya nilifikirie neno hili upya ni Purity and Exile cha Liisa Malkki, kilichotoka mwaka 1995. Mwaka 1985 na 1986 mwanaanthropolojia huyu alifanya utafiti kati ya Wahutu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Baadhi yao walikuwa kwenye makazi ya Mishamo, wakati huo ndani ya Wilaya ya Mpanda, wengine Kigoma mjini. Malkki anakiri kwamba kazi yake iliwezekana kwa sababu alikubali kuacha mengine bila kuyachimba, akasikiliza yale wenyewe waliyoyaona ya maana.

Matokeo yake yanaonekana kwenye kurasa. Watu wa Mishamo wanasimulia historia yao kwa mpangilio wao, kwa kirefu, kama watu wenye jambo la kufundisha. Wa Kigoma mjini, ambao wengi hawakutaka kutambulika kama wakimbizi, hawalazimishwi kuwa na simulizi hiyohiyo. Ukimya wao nao unasomeka. Maswali ya kukaririwa kwenye karatasi yasingeleta hayo.

Nina lawama moja. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza cha chuo kikuu, kikachapishwa Chicago. Aliyesimulia Mishamo ataonaje alivyoeleweka? Atapingaje? Kusikiliza vizuri ni nusu ya mahojiano. Nusu ya pili ni kumrudishia mtu maneno yake kwa lugha anayoweza kukujibu. Hilo si deni la Malkki peke yake. Sisi wa magazeti na redio tunachukua sauti za watu kila siku, na ni wangapi tunaowarudia?

Kwa yule mzee nilirudi wiki iliyofuata, neno lile nimeliacha nyumbani.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja tupige stori."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Akanisogezea kigoda. "Haya, wewe ni mtoto wa nani? Na hiyo reli unaitakia nini?"

Nikajibu kwanza mimi.