Zimetengwa, Bado Hazijaingia

Diwani wa kata yetu haanzi mkutano kwa habari mpya. Anawaamkia wazee, anawatania vijana waliokaa juu ya bodaboda zao, kisha anafungua kauntabuku lake lililochakaa pembe na kusoma maswali ya mkutano uliopita, moja moja, pamoja na tarehe yalipoulizwa. "Yatokanayo," anasema, kama wasemavyo vikaoni. Swali lililopata jibu analipigia mstari kwa rula, hapo hapo mezani, watu wakimtazama. Lisilo na jibu analisoma, anaeleza limekwama wapi, analiacha kama lilivyo.

Mara ya kwanza nilikwenda kwa shida ya maji. Siku hizi naenda hata nikiwa sina la kuuliza. Mkutano unafanyika kwenye uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa, pembezoni mwa Dar es Salaam, chini ya turubai la kukodi, na nusu ya viti watu wamekuja navyo kutoka nyumbani. Nakaa nyuma na kumsikiliza mtu anayeijua kazi yake.

Kazi yenyewe, ukiitazama juujuu, ni ya tarishi tu. Baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka, diwani anapewa kabrasha, anakaa kikaoni, anarudi kutuambia yaliyoamuliwa. Lakini kabrasha limeandikwa kwa lugha yake: kasma, bakaa, mapato yasiyolindwa, hatua ya ukamilishaji. Nimewasikia madiwani wengine wakisoma kurasa hizo zilivyo mpaka watu wakatoa simu zao. Nimewasikia pia wanaoliweka kabrasha kando na kupiga siasa saa nzima. Huyu wetu amelisoma kabla hajaja, na ameshatafuta maneno.

Siku moja aliulizwa bakaa ni nini. "Kiporo," akajibu. "Mwaka wa fedha wa serikali unakwisha Juni 30. Kilichobaki chunguni siku hiyo ndiyo bakaa." Kina mama wakacheka, na mmoja akauliza kama kiporo hicho hakijachacha. Akasema ndiyo maana yeye anauliza kila mara kimebaki kwa nini, kwa sababu chakula hakibaki hivi hivi kwenye nyumba yenye watoto wengi.

Hata hivyo ustadi wake mkubwa nauona kwenye vitenzi. Fedha ya umma ina safari ndefu, na kila kituo kina neno lake: imeombwa, imetengwa, imeidhinishwa, imeingia, imetumika. Mtu wa kawaida akisikia lolote kati ya hayo anapiga makofi, na mwanasiasa mvivu anayachukua makofi anaondoka nayo. Niliwahi kumwona diwani wetu akiyakataa. Alikuwa amesema fedha za kumalizia madarasa mawili zimetengwa, uwanja ukalipuka, kigelegele kikapigwa. Akainua mkono. "Jamani, bado. Zimetengwa, hazijaingia. Mkipiga makofi leo, siku zikiingia mtapiga nini?" Akaeleza kuwa bajeti ni sawa na orodha ya sokoni: umeandika nyama, lakini pochi hujaifungua. Ukimya uliofuata haukuwa mtamu. Mwanasiasa anayeuvumilia ukimya wa namna ile mbele ya wapiga kura wake, mimi namvulia kofia.

Ilipofika zamu ya mikopo, alitoa visoda kumi mfukoni na kuvipanga mezani. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Hakuisema hiyo asilimia. Alisogeza visoda vinne upande waliokaa kina mama, vinne kwa vijana, viwili kwa watu wenye ulemavu. Mezani hakikubaki kitu. "Kisoda kimoja kisiporudi," akasema, "kikundi kinachofuata kinakuta meza hivi mnavyoiona." Mwaka 2023 serikali iliposimamisha mikopo hiyo kupisha utaratibu mpya, alizunguka mtaa kwa mtaa kuwaambia akina mama waliokwisha kuandaa karatasi zao kwamba wasubiri. Hakungoja waulize. Ilirejea 2024, na alizunguka tena.

Swali gumu kwake, nadhani kwa diwani yeyote wa Tanzania, ni la barabara. Watu wanamchagua kwa sababu ya barabara, na barabara za mitaa hazimo tena mikononi mwa halmashauri. Tangu 2017 ziko chini ya TARURA. Maji ya Dar es Salaam ni ya DAWASA, umeme ni wa TANESCO. Ukimsikiliza mwananchi akitaja kero zake tatu za kwanza, aghalabu hakuna hata moja ambayo diwani ana fungu lake. Hapa ndipo wengi hujificha nyuma ya "hilo si langu". Wengine ni wabaya zaidi: huahidi.

Kuna bibi mmoja wa mtaa wa bondeni aliyesimama kuuliza habari za mtaro unaokula njia ya kwenda zahanati. "Mwanangu diwani, mvua ijayo nitapita wapi?" Akamjibu, "Shikamoo bibi. Kuujenga sina uwezo. Kuusemea ninao." Akafungua kauntabuku akamsomea: suala lilipita kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ambayo yeye ndiye mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ni katibu, barua ikaandikwa, akataja tarehe yake, ilipokelewa na masjala, akataja siku, jibu halijaja. Kisha akaisoma namba ya barua polepole, mara mbili, ili vijana waliokaa karibu na bibi waiandike. Bibi hakupata mtaro. Alipata mahali pa kuanzia, na watu watano wenye namba ile kwenye simu zao.

Sitaki kumfanya malaika. Aliwahi kutusomea kwamba matundu ya vyoo ya shule yamekamilika, kwa kuwa kabrasha lilisema hivyo. Baba mmoja mwenye mtoto darasa la nne akasimama: "Mheshimiwa, vyoo hivyo havina milango." Nilitegemea ajitetee. Alifunga kabrasha, akasema mkutano ukiisha twende tukaone, na tukaenda, watu kama ishirini, jua likizama. Milango haikuwepo. Tangu siku hiyo hasomi jengo ambalo hajalikanyaga, na ameacha kabisa "hatua ya ukamilishaji". Husema kama fundi: darasa liko kwenye lenta, limepauliwa, linangoja plasta. Kila mtu mtaani amejenga au anajenga, kwa hiyo hakuna anayeweza kudanganywa kuhusu lenta.

Wazee waliokaa mstari wa mbele wana sababu ya kusikiliza kwa makini kuliko sisi. Wanakumbuka mwaka 1972, serikali za mitaa zilipofutwa na shughuli zake kuchukuliwa na mfumo wa Madaraka Mikoani. Ilibidi zitungwe sheria mpya mwaka 1982 ndipo mabaraza yakarudi nchi nzima. Leo serikali za mitaa zimo ndani ya Katiba, ibara ya 145 na 146, na shabaha iliyoandikwa pale ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mzee mmoja aliniambia kwamba miaka ile ukiwa na shida ulikuwa unamwandikia mtu usiyemjua. Huyu wa sasa, alisema, angalau najua anakonunua sigara.

Mwisho wa mkutano hakuna hotuba. Diwani anasoma maswali mapya aliyoyaandika, anauliza kama ameyaandika sawasawa, na aliyeuliza akisema neno limekosewa, anafuta anaandika upya. Yale asiyoyajua husema hayajui, na huweka tarehe.

Mtaro wa bondeni haujajengwa. Katika mkutano wa juzi swali lake lilisomwa tena, la kwanza kabisa, kwa mara ya nne.